Hatua za Qiuping

Qiuping, mtoto wa jirani yangu, ana miaka kumi na mitano. Ukimtaka, mtafute kwenye kochi: simu mkononi, pakiti ya vitafunio, vijiti vya unga vyenye pilipili, kifuani. Basi la shule humchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Shambani hatumpeleki, sisi wakubwa ndio tuliosema mtoto asome, jembe tutashika wenyewe. Basi amesoma, na amenenepa.

Tatizo ni mbio za mita mia nane. Mwakani, mwezi wa tano, wanafunzi wote watakimbizwa, na alama za mbio hizo zinaingia kwenye mtihani wa kwenda sekondari ya mjini. Qiuping anaitaka shule hiyo kuliko chakula, na kwake hilo si neno dogo. Lakini kwenye majaribio alilala chini raundi ya pili. Mwalimu Yang wa michezo akaagiza: likizo nzima, hatua elfu kumi kwa siku, simu ihesabu, matokeo yatumwe kwenye kundi la darasa la mtandaoni.

Siku ya tatu Qiuping akaongoza: elfu kumi na tisa. Wiki nzima hakupatikana wa kumfikia. Mwalimu akamsifu. Mimi nilishangaa, maana runinga ya kwao ilikuwa haizimwi.

Kumbe. Bibi yake, miaka sabini na mmoja, alikuwa mlimani anachuma chai, mara kikapu mgongoni kikaita. Akapekua chini ya majani, akatoa simu. Aliyepiga alikuwa mama yake Qiuping, anayefanya kazi kiwandani mkoa wa mbali, Guangdong.

"Mama, mbona wewe? Qiuping yuko wapi?"

"Yuko nyumbani anapumzika. Amechoka kutembea kwa miguu yangu."

Jioni Bibi hakugomba. Alimpa kikapu tu. "Kesho nenda na simu yako. Mimi nitabaki na kochi, nione lina utamu gani."

Kesho yake simu ilihesabu elfu nne, na Qiuping alirudi akijikokota. Mwalimu akauliza kwenye kundi: "Qiuping, unaumwa? Mbona umeshuka?"

Nilikuwepo, nimekwenda kuazima ungo. Aliandika, akafuta, akaandika tena, machozi yakimlengalenga. Nilimhurumia kwa kweli. Mwishowe akatuma: "Mwalimu, zile zilikuwa za Bibi. Hizi ndizo zangu."

Kisha Mwalimu Yang akajibu: "Elfu nne nimeziandika. Bibi naye mwambie aje mwezi wa tano, tuna upungufu wa wakimbiaji."

"Mwambie nitakuja," Bibi akasema kutoka kwenye kochi, akitafuna kijiti cha pilipili. "Ila mpaka siku hiyo, chai utachuma wewe."