Tulivuta Wawili, Pafu Likatoboka Langu

Naitwa Huseni. Kwetu ni Mkongani, ila mimi na pacha wangu Hasani tumekuwa tukicheza sarakasi kwenye hoteli za Diani. Mimi nilikuwa nikisimama chini, yeye akisimama mabegani mwangu, kisha akijirusha na kupinduka hewani. Makofi yote yalikuwa yake. Mimi niliyembeba sikutazamwa na mtu. Siwafichi, roho ilikuwa ikiniuma.

Mgeni mmoja wa hoteli alimpa Hasani sigara ya umeme, ile vijana tunayoiita vepu, yenye harufu ya stroberi. Akawa anaivuta nyuma ya jukwaa, wasichana wa hoteli wamemzunguka wakicheka. Nami nikaitaka. Tukawa tunapokezana, lakini kwa kijicho changu nilihakikisha navuta zaidi yake. Kikohozi kikanianza, nikasingizia vumbi. Baadaye nikawa simalizi mazoezi bila kuinama na kushika magoti.

Jioni moja, Hasani akiwa mabegani mwangu, kitu kilinichoma kifuani upande wa kushoto. Maumivu yakapanda hadi begani. Nilivuta pumzi, haikuingia. Tukaanguka wote wawili. Yeye aliinuka akajipangusa mchanga. Mimi sikuinuka.

Hospitalini daktari aliitazama picha ya kifua, akasema, "Pafu lako limetoboka, limenywea. Hewa imejaa pasipotakiwa."

Walinichana kati ya mbavu wakaingiza mrija mnene, ncha yake ya pili ikawa ndani ya chupa ya maji. Kila nikikohoa, maji yalitoa mapovu. Sikuweza kulala ubavu, wala kucheka, wala kwenda haja bila kushikwa. Nilimwonea wivu hata mzee wa kitanda cha jirani kwa jinsi alivyokoroma.

Hasani alipokuja kunitazama, alinukia stroberi. Akaniambia wamepata mtu wa kusimama mahali pangu. Kisha akasema, "Lakini mbona mimi sijambo, na tumevuta kitu kimoja?"

Nilitamani kumrushia ile chupa. Swali hilo nilikuwa nalo mimi tangu siku ya kwanza, na lilinitafuna kuliko mrija.

Mama, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda changu, alimgeukia daktari aliyekuja kukagua mrija. "Hebu mjibu huyu, daktari, maana mimi ameshanishinda."

Daktari akamwambia, "Nyinyi ni mapacha. Mmefanana sura, na huenda mmefanana mapafu. Leo limetoboka la mwenzako."

Niliuona uso wa Hasani ukibadilika. Mungu anisamehe, nilifurahi. Akaitoa vepu mfukoni, akampa Mama, na hajavuta tena.

Alhamdulillahi, leo napumua bila maumivu. Nimeanza mazoezi mepesi, ila daktari hajaniruhusu kumbeba mtu. Nakaa kando ya jukwaa nikimtazama mwingine amesimama pale niliposimama mimi. Wivu haujaniisha. Na unaonichoma zaidi ni huu: Hasani alipona kwa maneno tu. Mimi nilichanwa ndipo nikaelewa.

Nawashukuru madaktari, wauguzi, na Mama aliyeninywesha uji kwa kijiko. Vijana wenzangu, mkimwona mtu anavuta na bado anaruka, msimtazame yeye, nitazameni mimi. Kovu liko hapa chini ya kwapa. Hata nyinyi mnaonisikiliza nawaonea wivu, wallahi. Mmeambiwa mapema, na vifua vyenu bado vizima.