Kaimati za Mwalimu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kula kaimati ya juu kabisa, na naona haya kulisema, maana ningeanza na ya pembeni labda nisingeaibika mbele ya soko zima.

Nilikuwa nasoma peke yangu, kwa njia ya posta, katika chumba nilichopanga kwa Bi Sihaba pale Kariakoo, na jioni ile ya Ramadhani Mwalimu Jongo alikuwa aje kufuturu kwa bibi huyo, kisha anipime kwa maswali, na akiridhika aniandikie barua ya kuniombea nafasi chuoni Kampala. Bila barua ile ningerudi Moshi kuchuma kahawa. Sasa mimi nikiogopa ninakula, hata kama nimeshiba (mama yangu alikuwa akificha ndizi kila mtihani ulipokaribia). Alasiri Bi Sihaba akatoka kutafuta maziwa, akaniacha nimevaa kanzu ya marehemu mumewe, aliyoniazima ili nionekane mtu wa heshima, na mezani sahani ya kaimati alizozipanga kama kichuguu, zinang'aa kwa shira chini ya kawa.

Nikala moja. Kilele kikatoweka, na mimi kitu kisicholingana siwezi kukiacha, nikaondoa mbili za kulia, kichuguu kikaegemea kushoto, nikaondoa tatu za kushoto, hivyo hivyo, nasawazisha huku najiuliza maswali ya historia, mpaka nikajikuta nimesawazisha sahani tupu.

Nikaibeba ile sahani mbio hadi sokoni kutafuta kaimati nyingine, nikasahau kwamba shira imenitiririka kutoka kidevuni hadi kifuani mwa kanzu. Mama mmoja muuza mihogo akanitazama, akamwambia mwenzake taratibu, "Mwone kobe." (Ndivyo wanavyomwita Mwislamu anayekula kwa siri mchana wa mfungo.) Watu wakaanza kugeuka. Nikasimama nijitetee.

"Mimi Mkristo, naitwa Elisante."

"Mwezi huu kila kobe anaitwa Elisante," akasema mpagazi mmoja, na watu wakaangua kicheko. Akanishika mkono akanirudisha nyumbani, msafara mzima nyuma yetu, na barazani, kando ya Bi Sihaba, amekaa Mwalimu Jongo, amewahi.

"Bibi, kobe huyu wako?" mpagazi akauliza.

"Wangu, lakini si kobe," Bi Sihaba akajibu, macho kwenye sahani. "Ni Mkristo. Huyu ni mwizi tu."

Nikamwamkia mwalimu, shikamoo ikatoka na harufu ya iliki.

"Marahaba. Zilikuwa ngapi?"

"Arobaini na moja, mwalimu."

"Ulizihesabu?"

"Nilikuwa nasawazisha."

Nikaeleza yote, kilele, kulia, kushoto, na jinsi nilivyoyaogopa maswali yake. Alicheka mpaka akamwomba Bi Sihaba radhi, akisema inambidi aache, koo limemkauka na magharibi bado. Tulifuturu uji na mihogo, bila kitu kitamu, kisha akaniuliza maswali yake, nikajibu kwa tumbo zito. Barua akaiandika pale pale na kuisoma kwa sauti: kijana huyu ana akili, na husema kweli, ingawa huchelewa kidogo. Kanzu niliifua mara tatu.

Sasa niko Kampala, mwaka wa pili, na mitihani bado naiogopa vile vile. Ila nikijikuta natafuta cha kutafuna saa isiyo ya kula, kwanza namwambia mwenzangu wa chumbani, "Ninaogopa." Mara nyingi njaa inaondoka hapo hapo. Isipoondoka, tunakwenda kula wote wawili.