Diploma Mbili, Dirisha Moja

Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, chuoni Gitega, tulipewa karatasi yenye visanduku viwili. Cha juu kilikuwa cha uhandisi wa programu, cha chini cha uhandisi wa kompyuta, yaani mashine zenyewe. Mimi niliweka alama kwenye cha juu bila kusita. Rafiki yangu aliyekaa kando yangu, binti wa fundi cherehani wa Muyinga mjini, akaweka kwenye cha chini. Ubishi ukaanza palepale.

"We uko unaota," aliniambia. "Programu utamuuzia nani? Watu hawana hata mashine ya kuiweka."

"Nitawauzia walio mbali. Programu haingoji lori wala mafuta. Nitakaa kwa mama, kijijini Buhinyuza, nifanye kazi na watu wa ng'ambo."

"Na mashine ikikufia kule Buhinyuza, nani atakutengenezea? Si mi?"

Yeye alikuwa amefungua na kufunga cherehani za baba yake tangu utotoni. Mimi nilikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, tukarudi Burundi nikiwa na miaka kumi na mbili. Kifaransa nilikianza nikiwa mkubwa kuliko wote darasani, wakinicheka. Lugha za kompyuta nilizipenda kwa sababu wote tulizianza siku moja, na hakuna anayezitamka.

Tulimaliza na diploma zetu. Nilipofika nyumbani na yangu, mama aliwaita majirani, wakala maharage na ndizi, wakaipitisha karatasi mkono kwa mkono. Kisha jirani mmoja mzee akatoa redio yake chini ya koti.

"Mwanangu, hii imenyamaza tangu mavuno. Iangalie."

Nikamwambia sijui redio. Akaniletea simu ya mkwewe. Nikasema simu pia sijui kuifungua, mimi huandika maagizo ambayo mashine inayafuata. Mzee alinitazama kwa huruma. "Kwa hiyo unaiagiza tu, huishiki?" Watu wakacheka, na mama akacheka nao, lakini nilimwona anaikunja ile diploma na kuirudisha kwenye bahasha upesi kuliko alivyoitoa.

Nikarudi Gitega, nikapanga chumba mtaa wa Mushasha, karibu na chuo, nikaanza kuwaandikia hao wa ng'ambo. Wengi hawakujibu. Mmoja akajibu. Alipenda kazi zangu, akataka tuzungumze kwa video. Nilivaa shati la mahafali. Tulizungumza kama dakika tisa, vizuri kabisa, na alikuwa ameanza kunieleza kazi yenyewe umeme ulipokatika mtaa mzima. Nilishika simu, mtandao nao ukagoma. Ulirudi jioni. Nilimwandikia kuomba radhi, akajibu kwa adabu kwamba wanahitaji mtu anayepatikana. Mtu anayepatikana! Nilikuwepo pale siku nzima, nimekaa kitini na tai shingoni.

Baadaye likatoka tangazo la ofisi moja hapo Gitega: anatafutwa mhandisi wa kompyuta, wa kuangalia mashine zao na kuwaandikia programu ya kutunza mafaili. Nilimpigia rafiki yangu. Akaja kutoka Muyinga, tukapanga foleni pamoja, tukiwa na matumaini kwamba watachukua hata mmoja wetu. Karani aliyekuwa dirishani alisoma diploma yangu.

"Hapa tumeandika ingénieur informaticien, mhandisi wa kompyuta. We yako iko ya logiciel."

"Si ndiyo programu mnayotaka iandikwe?"

"Mi siwezi kubadilisha. Iko vile imeandikwa."

Rafiki yangu akasogea na yake. Karani akaisoma polepole, akatikisa kichwa. "We iko ya mashine. Sisi tunataka pia programu."

"Basi tuchukue wawili!" nikasema.

"Nafasi iko moja."

Tulikaa kwenye ngazi za nje. Kwa miaka minne tulikuwa tumegombana ni njia ipi ina kesho, na mtu asiyeweza kutofautisha hizo njia alikuwa ametufungia zote mbili ndani ya dakika tano. Nilitaka kurudi kumfokea. Yeye alinishika mkono wa shati.

"Acha. Twende Muyinga. Kwangu iko kazi."

Kazi ilikuwepo kweli. Alikuwa na meza yake kwenye kibaraza cha baba yake, na watu walisimama mpaka barabarani na simu zilizokufa. Siku ya kwanza nilimwonea wivu. Siku ya tatu nilimsikia anamwambia mteja arudi wiki ijayo, na mwingine arudi mwezi ujao, kwa sababu vipuri havikufika, magari hayana mafuta. Watu walipokwisha, alitupa bisibisi mezani.

"Mi nilisomea kuchora ubongo wa mashine. Unajua natengeneza nini? Matundu ya chaja. Kila siku, matundu ya chaja."

Baba yake, bila kuinua macho kutoka kwenye kanzu aliyokuwa anashona, akasema, "Angalau watu wanakuja, mwanangu."

"Wanakuja, baba. Lakini si kwa nilichosomea."

Nipo naye hapo kibarazani tangu wakati huo. Amenifundisha kuchomelea nyaya, na vidole vyangu vina makovu. Mimi huwarudishia watu picha na namba zilizopotea kwenye simu, na hiyo ndiyo programu yote ninayoifanya.

Majuzi mdogo wangu wa kike alinipigia kutoka Buhinyuza. Amefaulu mtihani wa kumaliza sekondari, anataka kujua achague ipi kati ya zile fani mbili. Nilimwambia ukweli: ya programu inalipa ukipata watu wa mbali, lakini umeme na mtandao vitakuangusha; ya mashine inakupa wateja hapa hapa, lakini utangoja vipuri hadi usahau ulichosomea. Mama akamnyang'anya simu.

"Mtoto amekuuliza njia, wewe unamhesabia mashimo. Sasa achague ipi?"

"Sijui, mama."

"Miaka yote hiyo, na hujui?"

Mdogo wangu amejiandikisha uuguzi.