Jiwe Jeusi la Eliezeri

Sifael alikuwa fundi redio pale Same, kibanda chake kimepakana na mashine ya kusaga. Zilikuwa enzi za ruksa, za biashara huria: bidhaa tele madukani, mifuko mitupu, kila mtu anatafuta madini. Shemeji yake Eliezeri aliokota jiwe jeusi, zito, kule kwao Vudee, mlimani, akaambiwa ni urani, madini ghali yanayotoa mionzi.

"Shemeji, lipime," akasema.

Sifael alikuwa na bomba dogo la kioo lililoachwa na wapima miamba. Mionzi ikilipita, hutoa mshtuko mdogo wa umeme, usioweza kumtekenya hata sisimizi. Akaukuza kwa transista za redio mbovu, kisha akaunga waya kwenye kalkuleta ya bei poa ili kila mshtuko uongeze moja. Jiwe lilipowekwa, spika ikatatarika kama bisi na tarakimu zikakimbia. Sisi majirani, tusiojua lolote, tulishangilia kuliko wote.

Eliezeri akauza shamba la migomba la ukoo ili achimbe shimo. Ndugu zake wakamsusa. Upareni shamba la baba haliuzwi. Mkewe Raheli, dada yake Sifael, alikubali kwa shingo upande, kwa kuwa chombo cha kaka yake kimesema.

Siku moja umeme ukakatika. Sifael akapima tena kwa betri. Tak. Kimya kirefu. Tak. Akaondoa jiwe, akaweka kiazi: vilevile. Akakaa chini. Mteja yeyote angemwambia kwamba mashine ya kusaga ikiwashwa, redio zote mtaani hukwaruza. Yeye alikuwa amekuza na kuhesabu cheche za mota ya jirani! Mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa ameua na mgonjwa.

Eliezeri aliposhuka kutoka mlimani, umeme ukiwa bado haujarudi, akaambiwa yote. Hakugomba, heri angegomba.

"Raheli yuko njiani, anakuja," alisema. "Anataka kusikia kwa masikio yake. Umeme ukirudi, washa."

"Shemeji, ni uongo."

"Najua. Shamba limekwenda, yeye asivunjike moyo. Washa."

Umeme ulirudi. Jirani akaanza kusaga, spika ikatatarika. Raheli alisimama mlangoni, miguu imejaa vumbi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu shamba liuzwe.

"Kaka," alisema, "Mungu akubariki kwa kutuokoa."

Sifael akainamia kalkuleta yake.

"Amina," akaitikia.