Mabuu Walioanikwa Kileleshwa

Jirani yangu alipohamia ng'ambo aliniachia salamanda, mnyama anayefanana na mjusi ila ngozi yake ni laini na hutaka unyevu. Nilimpokea kwa sababu sijui kukataa. Tangu aingie kwangu Kileleshwa alisusa chakula siku tisa. Maini ya kusaga aliyatazama tu, kama mgeni aliyeona unywele kwenye supu. Niliogopa atanifia.

Mfugaji mmoja wa kuku kule Uthiru akanieleza kwamba wanyama hao wengi hawagusi kisichotembea. Akanipa mabuu wa nzi, wanono, wale anaowalisha kuku wake, ndani ya mkebe wa pumba. Asubuhi nilikuwa nimechelewa kazini mjini, nikauacha mkebe jikoni. Nitamlisha jioni, nikajiambia.

Siku hiyo mama yangu alikuwa kwangu, amekuja kutoka Machakos kwa ajili ya kliniki. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mama ni mgeni asiyejua kukaa bure. Niliporudi nilimkuta kwenye roshani, ameridhika kabisa.

"Unga wako uliingia wadudu," akasema. "Nimeuanika, nikauchekecha. Watu wasije wakasema sikukufunza kazi."

Kwetu ndivyo nafaka inavyookolewa: unaitandaza juani, wadudu wanakimbia wenyewe. Na mabuu wangu walikimbia kweli, wengine wakamwangukia jirani wa chini kwenye nguo alizoanika. Waliozubaa waliliwa na ndege.

Nilifoka. Nilimfokea mama yangu mzazi kwa ajili ya salamanda, na hadi leo naona aibu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akauliza, "Kwani huyo mtoto hajakula siku ngapi?"

"Tisa."

Aliinama akalikung'uta gunia alilokuwa amelitandika. Buu mmoja alikuwa amejificha kwenye mshono. Mama, ambaye humkimbia hata kinyonga, akamshika kwa kibano changu cha nyusi, akaketi mbele ya tangi la kioo la salamanda na kuanza kumtikisa polepole. Nilisimama nyuma yake. Dakika nyingi zikapita. Salamanda akageuza kichwa, akasogea hatua moja, akamnyakua.

Nilicheka kwa furaha hadi machozi yakanitoka. Mama hakucheka.

"Hata wewe ulisusa hivi ukiwa mdogo," akasema bila kugeuka. "Mimi sikuenda shamba mpaka ukala."