Eda yangu Toronto, na ratiba ya joto aliyoiacha marehemu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, na ni nadra kuandika. Haya ninayoyaeleza yamenipata mwenyewe, ndani ya kuta za nyumba yangu. Nilichobadili ni majina tu.

Ilikuwa Jumatatu ya pili ya Januari, mwaka huu. Nilikuwa mezani nikifanya kazi za ofisi kwenye kompyuta, nimevaa nguo za eda na juu yake koti zito la marehemu mume wangu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kiasi kwamba nilikosea tarakimu, nikafuta, nikakosea tena.

Nje theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha ya chini. Ndani, themostati inayopima na kupanga joto ilisoma nyuzi kumi na tano.

Niwaeleze nyumba yenyewe ilivyo.

Naishi mtaa wa Downsview, nyumba ya ghorofa moja iliyobanana na za majirani. Joto linatoka kwenye mtambo wa gesi ulioko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, linapanda hadi kwenye matundu ya sakafuni. Kinachouamuru ni themostati ya ukutani, na hiyo ilikuwa idara ya marehemu, Baba Salma. Alizoea kusema, "Mama Salma, wewe tawala jiko. Majira ya mwaka niachie mimi."

Aliipanga kwa uangalifu. Asubuhi sote tukishatoka kwenda kazini, joto linashuka, kwa kuwa hakuna haja ya kupasha viti vitupu. Alasiri, kabla hajarudi kutoka kwenye ghala alikofanya kazi, mtambo unaamka, ili akifungua mlango akute nyumba imeshapata uhai.

Mpango mzuri kabisa, kwa watu wawili wanaotoka na kurudi.

Kisha, majira ya baridi yalipokaribia, akafariki.

Kwa wasiojua, eda ni kipindi ambacho mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake, hatoki ila kwa dharura. Mwajiri aliniruhusu kufanyia kazi nyumbani. Basi mimi nikawa ndani kutwa, na nyumba, kila asubuhi, ikaendelea kuamini kwamba tumetoka.

Mtauliza: si ungebonyeza tu?

Ningeweza kujibu kwamba sikujua kuitumia, na ni kweli sikujua. Ila kulikuwa na jambo zito zaidi. Kila alasiri, mtambo ulipoanza kunguruma kule chini na hewa ya moto ikapanda, nilihisi nyumba inajiandaa kumpokea. Niliweka kazi kando nikasikiliza. Kuibadili ratiba ile kwangu ilikuwa sawa na kumwambia asirudi.

Nikatafuta njia za pembeni. Maji ya moto niliyaacha yatiririke mikononi kabla ya kila udhu, mpaka kioo cha bafuni kikaingia ukungu. Nikaagiza hita ndogo ya umeme, nikaiweka chini ya meza. Bili zikapanda kuliko msimu uliopita, na bado nilikuwa natetemeka.

Jumatatu hiyo, ncha ya kanga niliyojifunika miguuni iliangukia ile hita. Haikuwaka. Iliungua taratibu, ikaacha doa jeusi na harufu nzito.

Ndipo akaingia Salma, binti yetu, amebeba chakula. Yeye anakaa Vaughan na mumewe na watoto. Alifuatana na wifi yangu Zuhura, dada wa marehemu.

Salma alinusa, akainama chini ya meza.

"Mama, it's freezing in here. Na hii ni nini?"

"Imegusa tu kidogo, mwanangu."

"Imegusa?" Akaichomoa hita ukutani. Hakupandisha sauti; angepandisha, ningejitetea. "Eda ikiisha unahamia kwetu. Nyumba tutauza. Siwezi kukuzika na wewe. I can't."

Nampenda mwanangu na nyumba yake ina heri nyingi. Lakini kuhamia chumba cha pembeni, hata kwa heshima zote, kungenifanya mgeni kwa umri wote uliobaki, nami sijafika hata sitini.

Salma akaondoka kuwachukua watoto shuleni. Zuhura akabaki. Akalivaa tena koti lake, akaketi mbele yangu.

"Wifi, hebu nijibu. Unamkalia eda kaka yangu, au unamfuata?"

Nikamweleza habari ya ngurumo ya alasiri. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Akasema, "Mimi ni damu yake, nami nakwambia harudi. Ile ni ratiba ya kaka yangu, si aya. Inuka, mjane wee, tukaitazame hiyo mashine kabla hatujaganda wote wawili, Salma akapata kazi mara mbili."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na papo hapo nikaona vibaya kwa kucheka.

Maelekezo tuliyapata mtandaoni. Besimenti tulikuta kichujio cha hewa kimeziba kwa vumbi. Tangu augue hakuna aliyekigusa. Nikaagiza kipya. Zuhura akataka tuliteremshe na joto la tangi la maji ya moto hadi mwisho, "tubane mpaka senti ilie." Maelekezo yakatuonya: libaki nyuzi sitini, kwa sababu maji ya uvuguvugu hukuza bakteria wa hatari, na ipo vali inayoyachanganya na ya baridi kabla hayajafika bombani. Tukaliacha. Badala yake nguo nafua kwa maji baridi, na wakati wa udhu bomba nalifungua kidogo.

Ikabaki themostati.

Kwenye kioo chake zilipangwa saa za siku: kuamka, kutoka, kurudi, kulala. Niliweka mchana nyuzi ishirini, usiku kumi na saba na blanketi nzito. "Kutoka" niliifuta bila shida. Kwenye "kurudi" kidole kiligoma. Zuhura hakunibonyezea. Alinishika bega tu.

Nikabonyeza.

Kesho yake alasiri, saa ile ile, besimenti ilikuwa kimya. Nyumba ilikuwa na joto tangu asubuhi, hapakuwa na cha kuamkia. Nililia kilio ambacho siku ya maziko sikukilia, maana siku ya maziko kulikuwa na watu. Nadhani ndipo nilipofiwa.

Bili iliyofuata ilishuka kiasi. Hita na maji vilikuwa vinakula kuliko nilivyodhani.

Nililojifunza ni kwamba mipangilio ya joto na maji huandikwa kwa kufuata watu waliomo na saa wanazokuwamo. Watu wakipungua, au wakianza kushinda ndani, ipitieni upya mapema, hata kama mkono unakataa. Na ninyi wenye wenza hai, shukeni besimenti pamoja, mfundishane.

Salma hakubadili nia. Kila tulipozungumza kwa simu tuliishia kulia, naye akilia huhamia Kiingereza. Kiingereza nakijua vyema, ila uchungu wangu haukai humo. Ndiyo maana, majuma kadhaa baadaye, nilimwandikia barua, Zuhura akaipeleka posta. Naiweka hapa kwa idhini ya Salma. Mliopitia haya, wajane au watoto wenye hofu juu ya wazazi wao, nisahihisheni au mniongezee. Nitasoma kila mchango.

*Mwanangu Salma,*

*Najua kusoma Kiswahili kunakuchelewesha. Ndivyo ninavyotaka. Nisome polepole.*

*Uliogopa kwa haki. Ningekuwa wewe ningeogopa zaidi. Hita imeshatoka humu ndani. Mashine ya joto sasa naijua, na Jumapili mkija na watoto nitakuonyesha nilivyoipanga, ila usiiguse bila kuniuliza.*

*Eda ikiisha sitahamia Vaughan. Baba yako alinitunza vizuri mno, hata sikupata kujua ninachokiweza. Nataka kukijua kabla sijazeeka. Siku nitakaposhindwa, wewe ndiye utakayesikia wa kwanza, na utasikia kutoka kinywani mwangu.*

*Hukuweza kumzuia baba yako asife, mwanangu, wala mimi sikuweza. Usinihamishe kwa ajili hiyo.*

*Mama yako.*