Nilishinda mkeka, mke wangu akanimwagia poda mbele ya majirani

Wakuu, salamu kutoka Kindu. Haya yalinipata mwenyewe, wa kuita chai ya kutunga aite. Jina langu na mtaa naficha, na majina ya humu si ya kweli, mtaelewa kwa nini.

Nianzie mbali kidogo.

Miaka ya vita nilikuwa sekondari, nimebakiza mwaka mmoja. Parokiani kukawa na tombola ya bahati nasibu, baba yangu akashinda baiskeli mpya. Treni ilikuwa imekufa, baiskeli ndiyo lori letu la kwenda Kalima. Jina lake likasomwa kwa kipaza sauti, majirani wakamsindikiza kwa nyimbo mpaka nyumbani.

Siku ya tatu wakaja wenye bunduki. Walimwita kwa majina yake matatu, vilevile yalivyosomwa. Wakachukua baiskeli, na yeye wakaenda naye kubeba mizigo yao.

Alirudi baada ya miezi kadhaa, mzima ila mgongo umekwisha. Mimi nikaacha shule nikalime.

Sasa tuje hizi siku. Mimi ni fundi cherehani na mpira naupenda. Nikaweka mkeka wa timu tisa, zote zikajibu. Kiasi msiniulize.

Dada wa duka la kubeti akataka picha ya kubandika ukutani kama tangazo. "Papa, foto njo piblisite yetu."

Nikamwambia, "Piga mukono tu na tiketi. Sura yangu iko ya muke wangu."

Akacheka, akakubali. Mkono wangu uko pale ukutani mpaka leo, na nimeshasikia watu wakibishana ni wa nani.

Nikajiona mjanja. Kumbe mke wangu sikumhesabu. Nilipomnong'oneza tu, akabeba kopo zima la poda akanimwagia kichwani, vigelegele juu.

Kwa wasiojua, huku kwetu mtu akifaulu jambo kubwa humwagiwa poda. Basi nimesimama uani, mweupe kama mhogo uliomenywa, na ua wetu ni mfupi.

Jirani yetu Mama Shabani keshafika. "Baba Riziki, umepata nini?"

Wakuu, niliogopa. Nilimkumbuka baba na baiskeli yake.

Bahati nzuri siku hiyo matokeo ya mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari, yalikuwa yametoka. Mitaani vijana wamejaa poda. Mdomo ukajibu wenyewe: "Diplome, mama. Nilifanya mutihani kwa siri."

"Pursantaje ngapi?"

"Makumi tano na mbili." Ningesema asilimia themanini nani angeamini?

Majirani wakaimba, wakanipa mkono. Wiki ileile Mama Shabani akaniletea binti yake nimweleweshe hesabu. Halafu akaomba kuiona karatasi. Nikasema inatoka Kinshasa, na vitu vya Kinshasa mnavijua kwa kuchelewa.

Nilitaka kuhamia Lubutu. Mke wangu akanitazama: "Basi ukafanye ya kweli."

Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, ushindi ukalipa kila kitu. Daftari nikaliweka juu ya cherehani. Yule binti nilikuwa najifunza naye nikijifanya namfundisha, na kusema kweli yeye ndiye aliyenipeleka mbele.

Mwaka uliofuata nikafanya. Nikafaulu, hamsini na nane.

Sasa ningesherehekea vipi, wakati mtaa mzima unajua nilishafaulu? Mama Shabani nilimwonyesha karatasi kidole kimeziba mwaka na alama. Cherehani nimeongeza mojamoja, polepole. Watu wanasema diploma imenisaidia.

Ila mchana ule wa matokeo tulifunga mlango, mimi, mke wangu na baba. Mzee akainuka kwa shida, akashika kopo la poda. Akaniita kwa majina yangu matatu, kwa sauti, bila kuogopa, akanimwagia. Nililia kama mtoto, siwafichi.

Nilichojifunza: ukishinda, ficha jina. Lakini tafuta na furaha moja ambayo unaweza kuitwa kwayo jina lako lote. Na kabla hujamwambia mkeo, ficha kopo la poda.

Nyinyi mliowahi kushinda, majirani mliwaambia nini? Semeni, ila majina acheni.